UZI: Duka limejaa mzigo lakini mfukoni hamna kitu. Tuongee kuhusu hesabu ya stoo

#1 FremuKihonda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kihonda, Morogoro, huu ni mwaka wa saba. Kila wiki humu mtu anauliza biashara gani inalipa. Wanaouliza mzigo ulioko ndani unahesabiwaje ni wachache sana, na mimi nilikaa miaka minne bila kuuliza. Wateja walikuwepo, rafu zimejaa mpaka darini, ila ikifika siku ya kulipa kodi ya fremu nakopa. Nilidhani pesa inatoka dukani kwa njia nisiyoijua. Kumbe haikuwa imetoka. Ilikuwa imelala mle mle ndani kwa umbo la vitasa na masinki.

Jumapili moja nilifunga duka, tukaanza kuhesabu asubuhi na vijana wangu wawili, tukamaliza saa 4 usiku. Aina 412 za bidhaa. Kila aina niliandika iko ngapi, niliinunua bei gani, na mara ya mwisho iliuzwa lini. Jumla ikaja shilingi 18,400,000 kwa bei ya kununulia. Hapo kwenye bei naomba tuelewane. Wengi wanahesabu mzigo kwa bei ya kuuzia na kujiona wana mtaji mkubwa, wakati ile faida bado iko kwa mteja ambaye hata hajaingia dukani.

Sasa yaliyoniumiza. Aina 97 hazikuwa zimeuzwa hata moja ndani ya miezi sita. Thamani yake 4,300,000. Vitasa vya mtindo uliopita, masinki ya rangi ambayo hakuna anayeitaka, koki za saizi isiyoulizwa mtaani kwetu. Sehemu kubwa niliinunua kwa sababu ya ofa, chukua katoni kumi upewe moja bure. Nilifurahia ile ya bure, nikasahau kwamba kumi nimezilipia.

Upande wa pili, aina 38 tu ndizo zilikuwa zinaniletea kama shilingi 8 katika kila 10 za mauzo. Simenti, nondo, misumari ya inchi 3 na 4, waya wa kufungia, bati, mabomba ya inchi nusu, nyaya za umeme. Na hizo hizo ndizo nilikuwa naishiwa kila mara! Mteja anakuja na orodha ya vitu kumi, simenti haipo, anaondoka na orodha nzima kwenda duka la jirani. Nilikuwa nakosa simenti kwa sababu hela ya simenti iko kwenye masinki.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Aliyewahi kuhesabu aje na lake.

#2 MzawaTandika

Mkuu, nakuheshimu ila haya ni mambo ya darasani. Marehemu baba aliendesha duka Tandika zaidi ya miaka 30 bila daftari la stoo. Alikuwa akiangalia rafu kwa jicho anajua sukari imebaki kilo ngapi. Alitusomesha wote. Mfanyabiashara wa kweli mzigo wake anao kichwani.

#3 FremuKihonda

Mkuu, Mungu amrehemu mzee. Sikatai hata kidogo. Naomba nikuulize, mzee alikuwa anakaa dukani mwenyewe kuanzia asubuhi mpaka anafunga? Na aina za bidhaa zilikuwa ngapi, hamsini, sabini? Kama ndivyo, mzee alikuwa anahesabu kila siku, ila hakuwa anaandika. Daftari lake lilikuwa kichwani na halikutoka dukani hata siku moja.

Sisi tunaweka vijana, tunasafiri kufuata mzigo, wengine wana maduka mawili. Aina zinafika mia nne. Siku ukiugua wiki mbili, kile kilicho kichwani hakuna mwingine anayeweza kukisoma.

#4 LejaNaRisiti

Nichangie kidogo kama mtu wa mahesabu, maana naona mwanzisha uzi ameanza pazuri.

Wafanyabiashara wengi wakiulizwa mwezi umekwendaje wanataja mauzo. Mauzo hayasemi faida. Hata kuchukua mauzo ukatoa manunuzi ya mwezi si sahihi, kwa sababu ulichonunua mwezi huu si lazima ndicho ulichouza mwezi huu. Hesabu yenyewe ni hii: mzigo uliokuwepo mwanzo wa mwezi, jumlisha ulionunua, toa uliobaki mwisho wa mwezi. Jibu ndilo gharama ya ulivyouza.

Tumia namba zake. Alianza na 18,400,000. Tuseme mwezi ule alinunua wa 11,250,000 na mwisho wa mwezi akahesabu akakuta 17,100,000. Basi mzigo uliotoka ulimgharimu 12,550,000. Kama mauzo ni 14,600,000, faida kabla ya matumizi ni 2,050,000. Humo ndimo inatoka kodi ya fremu, mishahara, umeme, usafiri, na chakula cha nyumbani. Angetoa manunuzi tu kwenye mauzo angepata 3,350,000, na angetumia 1,300,000 ambayo si faida, ni mtaji wake anaumega bila kujua. Hivi ndivyo maduka yanavyokonda taratibu huku mwenye duka akiapa kwamba anauza sana.

Namba hizo hizo zina jambo jingine. Mzigo wa wastani ni kama 17,750,000, na unaotoka kwa mwezi ni 12,550,000. Maana yake shilingi ikiingia stoo inakaa siku 43 hivi ndiyo irudi. Ukipunguza ule mzigo uliolala, siku zinapungua, na mtaji ule ule unazunguka mara nyingi zaidi kwa mwaka bila kukopa popote.

Kugawa bidhaa kwa uzito wake wa kifedha si jambo geni. Mwaka 1951 H. Ford Dickie wa General Electric, Marekani, aliandika kuhusu kuzipanga katika makundi A, B na C, kuanzia zinazobeba pesa nyingi mpaka zinazobeba kidogo. Zile 38 ni A, zinahesabiwa kila wiki. B mara moja kwa mwezi. C hata mara moja kwa miezi mitatu inatosha. Usiumize vijana kuhesabu skrubu kila Jumamosi wakati hujui nondo ziko ngapi.

Na hesabu za mwaka za TRA zinahitaji mzigo wa mwisho wa mwaka. Ukiukisia tu, unaweza kulipa kodi ya faida ambayo hukuipata. Tunza kumbukumbu zako miaka mitano, sheria inakutaka hivyo.

#5 DadaWaDawa

Asante kwa uzi kaka. Mimi nina duka la dawa muhimu, Iringa vijijini. Kwetu kuna adui ambaye nyie wa nondo hamna, tarehe ya kuisha muda.

Nilipoanza nilikuwa napanga mzigo mpya mbele kwa sababu maboksi yake yanang'aa, ule wa zamani unasukumwa nyuma. Baada ya miezi nageuza rafu nakuta dawa za watoto za maji zimeisha muda, chupa 14. Na dawa ikiisha muda huwezi kuiuza nusu bei wala kuitupa jalalani. Unaitenga, unaiandikisha, unafuata utaratibu wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wa kuiteketeza. Hasara juu ya hasara.

Siku hizi sifuati ipi iliingia kwanza, nafuata ipi inaisha muda kwanza, maana kuna wakati mzigo mpya unakuja na tarehe fupi kuliko wa zamani. Tarehe naandika kwa kalamu nene upande wa boksi unaonitazama. Zilizobakiza miezi mitatu nazihamishia rafu ya chini ya kaunta, nikifungua mdomo kumhudumia mteja jicho linaziona. Na mzigo ukiletwa nasoma tarehe kabla ya kusaini. Ukishasaini, saplaya hakujui tena.

#6 FremuKihonda

Dada, huyo adui tunaye. Anaitwa simenti. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu nguvu yake inashuka, na unyevu ukiigusa inaganda ndani ya mfuko. Msimu mmoja wa masika nilipoteza mifuko 11 iliyokuwa imeegemea ukuta. Nilikuwa nanunua 15,500 nauza 16,500. Faida ya mfuko ni 1,000, kwa hiyo mfuko mmoja ulioganda ulikula faida ya mifuko 15 na nusu. Mifuko 11 ilikula faida ya zaidi ya 170. Nilifanya kazi ya wiki mbili bure.

Sasa simenti inakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, haizidi mifuko kumi kwenda juu. Mpya inapangwa kushoto, tunauza kutoka kulia. Kijana mpya haambiwi mengi, anaambiwa tu mkono wa kulia.

Kuhusu kuishiwa. Zamani nilikuwa naagiza nikiona pamebaki kidogo. Kidogo ni ngapi? Nilianza kuandika mauzo ya simenti kila siku, wastani ukaja mifuko 12. Kutoka napiga simu Dar mpaka gari linashusha ni siku 3, likichelewa siku 5. Kwa hiyo siku 3 mara 12 ni 36, na zile siku 2 za kuchelewa ni 24. Jumla 60. Mifuko ikibaki 60 napiga simu, hata kama stoo bado inaonekana imejaa. Kwa kuwa tunapanga kumi kumi, kijana anaangalia tu safu. Zikibaki sita, ananiambia.

Ila namba hiyo haikai mwaka mzima. Masika yakianza mauzo yangu yanashuka mpaka mifuko 5 kwa siku, na ndio wakati unyevu uko juu. Hapo kiwango changu cha kuagizia kinashuka kuwa 25. Watu wakishavuna, kuanzia mwezi wa sita, wanaanza kujenga na namba inapanda tena. Ukiweka namba moja mwaka mzima utaganda na simenti mwezi wa nne na utaishiwa mwezi wa nane.

#7 KongoweaMitumba

Salamu kutoka Mombasa. Nyote mwauza vitu vinavyofanana, simenti ni simenti. Mie nauza mashati ya mitumba Kongowea. Nafungua belo, ndani mna vipande 200, kila kimoja bei yake. Nimenunua belo shilingi 20,000 za Kenya. Nitajuaje shati moja limenigharimu ngapi? Huwa nagawa 20,000 kwa 200, napata 100 kila shati. Lakini mwisho wa mwezi sioni faida niliyoihesabu. Nakosea wapi?

#8 LejaNaRisiti

Swali zuri sana ndugu yangu. Ukigawa sawasawa unajidanganya, kwa sababu kamera (yale mashati bora kabisa) na fagia (yale hafifu ya mwisho) hazikubeba uzito mmoja kwenye ile bei ya belo.

Fanya hivi ukishafungua na kuchambua. Tuseme kamera ni 50, utauza 300 kila moja, hiyo ni 15,000. Za kati ni 100 kwa 150, ni 15,000 nyingine. Fagia 50 kwa 40, ni 2,000. Belo zima unategemea likupe 32,000. Wewe ulilipa 20,000. Kwa hiyo kila shilingi ya mauzo imebeba gharama ya senti 62 na nusu. Kamera moja imekugharimu 187.50, ya kati 93.75, fagia 25.

Tazama tofauti. Wiki ya kwanza kamera zote zinakwisha, umepokea 15,000. Kwa hesabu yako ya zamani gharama yake ni 5,000, unaona faida 10,000, unalipa ada ya mtoto. Lakini faida ya belo zima, hata likiisha lote, ni 12,000 tu. Umeshaila karibu yote, na mashati 150 yaliyobaki ndiyo magumu kuuzika. Kwa hesabu ya pili faida ya kamera ni 5,625. Hiyo ndiyo unaweza kuigusa bila kuumiza belo lijalo.

#9 KongoweaMitumba

Wallahi umenifungua macho. Ndiyo maana kila belo la pili nalinunua kwa mkopo. Ahsante sana.

#10 MuuzajiTu

Samahanini wakubwa. Mimi si mwenye duka, ni muuzaji wa kuajiriwa. Nasoma uzi huu nikiwa na uchungu.

Mwezi uliopita bosi wangu alihesabu mzigo kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Akakuta upungufu, akanikata 85,000 kwenye mshahara. Sikuiba hata pipi. Nilipoingia kazini hakuna aliyenikabidhi mzigo kwa hesabu. Ndugu zake wanakuja wanachukua vitu, "andika kwa bosi", bosi mwenyewe anachukua mafuta na sabuni za nyumbani. Mafundi wanapewa kwa mkopo kwa simu. Mwisho anayebaki kaunta ndiye mwizi. Naomba mnaofundisha kuhesabu mfundishe na upande huu.

#11 FremuKihonda

Mdogo wangu, pole sana. Nilikuwa nimepanga kulisema jambo hili mwisho, acha nilitoe sasa.

Baada ya ile hesabu ya kwanza nilianza kuandika kadi kwa kila bidhaa ya kundi A. Tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Miezi mitatu baadaye nikahesabu nyaya za umeme za mita moja moja. Kadi zinasema tumeuza mita 1,600, lakini waya uliobaki stoo ulikuwa pungufu kwa mita 64. Kijana aliyekuwa anakata waya nilimwita, nikamwambia maneno mazito mbele ya wateja. Alilia. Nikamkata mshahara, akaendelea kufanya kazi kwa sababu alikuwa na mama wa kumlisha.

Wiki kadhaa baadaye fundi mmoja alinunua mita 20, akazipima kwenye nyumba aliyokuwa anafunga umeme, akarudi. Ni mtu mwaminifu, akaniambia, "Bosi, umenizidishia." Nikachukua futi kamba nikapima kaunta. Sisi tulikuwa tunapima waya kati ya misumari miwili iliyopigwa ukingoni mwa kaunta. Umbali wake ulikuwa mita moja na sentimita nne. Sentimita nne mara 1,600 ni mita 64 kamili. Na ile misumari niliipiga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, siku nilipofungua duka.

Nilimrudishia kijana pesa yake, nikamwomba msamaha mbele ya wenzake kama nilivyomwaibisha mbele ya watu. Bado yupo nami, ndiye anayesimamia stoo.

Kwa hiyo wenye maduka wenzangu, upungufu ukitokea, anzeni na vipimo. Tulinunua kwa roli la mita 100 tukauza kwa mita, tulinunua misumari kwa mfuko wa kilo 25 tukauza kwa robo kilo, na kila mkato una kinachopotea. Nondo hivyo hivyo: ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani ni nondo 93 au 94. Nilishawahi kupokea 90 nikasaini kwa sababu nilizoea kusikia tani ni tisini. Nondo zile hazikuibwa na muuzaji wangu, hazikuwahi kufika. Halafu angalieni mikopo isiyoandikwa, bidhaa zilizorudishwa zikawekwa rafuni bila kuandikwa, vilivyovunjika, na mnavyochukua wenyewe kupeleka nyumbani. Ukichukua kopo la rangi kupaka sebule yako, liandike kwa bei ya kununulia na utie saini kama mtu mwingine. Yakiisha yote hayo ndipo mtu anaweza kuulizwa, tena faragha.

#12 MzawaTandika

Mkuu, nimesoma #11 mara mbili. Nimekumbuka kuna kijana tulimfukuza dukani baada ya mzee kufariki, kwa sababu ya upungufu wa mafuta ya kula ya kupima. Hatukuwahi kupima kile kikombe. Nitakipima leo.

#13 DadaWaDawa

Niongeze dogo. Daftari la stoo lisilale dukani peke yake. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021 nilijiuliza, langu likiungua nitamwonyesha nani nilikuwa na nini? Kila Jumapili napiga picha kurasa za wiki kwa simu, namtumia dada yangu. Bila rekodi, hata mwenye bima hana cha kushika mkononi.

#14 MuuzajiTu

Kaka FremuKihonda, nimelia kusoma kuhusu yule kijana. Naomba unisaidie, nimwambie nini bosi bila kuonekana nampangia kazi?

#15 FremuKihonda

Usianze na ile 85,000. Mwambie unaomba mkabidhiane mzigo rasmi kwa sababu unataka kuulinda. Chagueni siku duka limefungwa, bidhaa ishirini tu zinazouzwa sana, msianze na zote. Wewe unahesabu, yeye anaandika, halafu mbadilishane kwa nusu ya pili, ili kila mmoja awe ameona kwa macho yake. Kabla ya kuanza, pimeni mzani, vikombe na futi. Kila ukurasa sahihi mbili, nakala moja ibaki kwako. Kuanzia siku hiyo kinachotoka bila pesa kiandikwe jina la aliyechukua, awe bosi au shangazi yake. Baada ya wiki mbili hesabuni tena zile zile ishirini. Tofauti ikionekana mtakuwa mnatafuta ya siku 14, si ya miaka miwili.

Akikataa kabisa, anza kuandika mwenyewe kwenye daftari lako. Likija la kuja, utakuwa na tarehe na majina.

#16 MuuzajiTu

Nimeongea naye jioni hii wakati wa kufunga. Alinyamaza kwa muda, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamsomea #11. Amesema tuje Jumapili saa 2 asubuhi, na yeye atakuja na futi kamba.